Mirathi ya Kilwa: Deni Kabla ya Mgao



Mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kusini mwa pwani ya Tanzania, katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2014 ikayatoa. Katikati ya miaka hiyo ilifanyika kazi kubwa. Kuta zilizokuwa zikianguka zilishikizwa, vichaka vilivyomea juu ya majengo vilifyekwa, mafundi wakajenga tena kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ufukwe uliokuwa ukiliwa na mawimbi ukakingwa kwa kuta za mawe na kwa kupandwa mikoko.

Kwa Mwislamu wa Afrika Mashariki hiyo ni habari ya kufurahisha. Kilwa ni miongoni mwa miji inayoshuhudia kwamba Uislamu katika pwani yetu haukuja jana. Lakini ndani ya kazi ya kurejesha bandari ya kale limo swali la kimaadili, na swali hilo hawezi kulijibu fundi wala mwanaakiolojia peke yake. Tunaporejesha, tunarejesha nini hasa? Je, inafaa kuurejesha uzuri wa mahali na kuiacha dhulma yake chini ya mchanga?

Huenda ukajiuliza, ndugu msomaji, mwanafunzi wa Lilongwe anayepanga chumba Chilinde, au ambaye wazazi wake wako Dzaleka, ana shughuli gani na kisiwa cha bahari asiyoiona. Naomba uvumilie kidogo. Njia ya bandari ile ilifika mpaka hapa.

Mandhari ya mwaka upi?

Anayekarabati nyumba moja anaweza kusema anairudisha kama ilivyokuwa. Mandhari ya bandari ni jambo jingine. Kilwa ya mwaka 1331, alipofika Ibn Battuta, ilikuwa mji wa wafanyabiashara wa dhahabu ya Sofala. Ilikuwa na Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo, na kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari. Kilwa ya mwaka 1505 ni mji ulioporwa na Wareno, ambao walijenga ngome kisha wakaiacha mwaka 1512. Gereza linaloonekana ufukweni leo, kwa sehemu kubwa, ni jengo la wakati wa Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19. Na Kilwa ya leo ni kijiji. Watu wanavua, wanalima, wanaoana na kuzikana baina ya kuta hizo.

Basi ukisema bandari irudi kama zamani, huna budi kuchagua zamani ipi. Na kila mwaka unaouchagua unamwonyesha mtu mmoja na kumficha mwingine. Ukichagua 1331, mvuvi anayeanika nyavu zake karibu na gofu anaonekana mvamizi, ilhali yeye ndiye mwenyeji. Ukichagua mwaka wa Gereza, Husuni Kubwa linabaki rundo la mawe msituni. Hakuna uchaguzi usio na upande.

Hata miti ina neno lake hapa. Mikoko ya pwani yetu ilikatwa kwa karne nyingi. Boriti zake zilibeba dari za nyumba za mawe, na nyingine zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba. Mikoko ikishakwisha, hakuna tena kinachopunguza nguvu ya wimbi kabla halijafika ukutani. Waliopanda mikoko mbele ya magofu hawakurejesha jengo lolote. Walirejesha kinga ambayo hakuna mgeni anayeenda Kilwa kuipiga picha, lakini bila hiyo ukuta anaokwenda kuupiga picha haupo.

Nami nasema utajiri wa bandari ile ulikuwa hivyo hivyo. Ulibebwa na watu wasioonekana kwenye picha.

Kisa kinachosimuliwa nusu

Ibn Battuta ametuachia kisa cha sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa sababu ya ukarimu wake. Siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini, alikutana na fakiri kutoka Yemen. Fakiri akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakumfukuza wala hakumwambia asubiri. Alirudi akaingia nyumba ya khatibu, akavua zile nguo, akavaa nyingine, akampa yule fakiri zile alizoziomba. Watu wakamshukuru sana kwa unyenyekevu wake.

Ni kisa kizuri cha kusimulia katika darsa, na kwa kawaida msimulizi angekomea hapo. Lakini Ibn Battuta anaendelea. Mtoto wa sultani alizichukua tena zile nguo, akampa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo chake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Msafiri huyo huyo anatuambia kwamba sultani alikuwa akitoka kwenda kuvamia nchi za watu wa bara, na ngawira aliyoipata aliigawa kwa hesabu ya sheria, akitenga khumsi yake. Alikuwa mkarimu kweli. Lakini tuulize ukarimu huo ulilipwa na nani. Wale watu 20 waliotolewa zawadi siku ile walikuwa na mama zao mahali fulani. Hatuyajui majina yao, na hakuna jiwe lililowekwa kwa ajili yao Kilwa. Jina la sultani lipo mpaka leo kwenye sarafu zake za shaba. Moja imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu.

Njia iliyofika kwetu

Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Ufaransa, ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Karne iliyofuata biashara ilihamia zaidi ng'ambo, Kilwa Kivinje, na njia yake ikapanda mpaka Ziwa Nyasa, ambalo sisi tunaliita Ziwa Malawi. Katika miaka ya 1840 Jumbe Salim bin Abdallah alijenga kituo chake Nkhotakota. Kutoka hapo majahazi yalivuka ziwa yakiwa na watu na pembe, kisha msafara ukashika njia ya mguu kwenda pwani. David Livingstone alifika Nkhotakota mwaka 1861 na kuyaona hayo. Balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Rigby, alimweleza kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa peke yake walipita katika forodha ya Unguja kwa mwaka mmoja. Hata kama hesabu hiyo ilizidi, hata ikigawanywa mara mbili, kila tarakimu humo ni mtu.

Kwa njia hiyo hiyo, kwa majahazi yale yale, walikuja walimu wa Qur'ani. Nkhotakota na miji ya Wayao kule Mangochi ikawa na madrasa, na Uislamu wa Malawi ukaota mizizi.

Ndugu zetu wa Dzaleka waliotoka mashariki ya Kongo wana kisa kinachofanana na hicho, kwa njia nyingine. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilifika mpaka Kasongo na nchi ya Manyema, na mwenye kujulikana zaidi katika njia hiyo ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Nayo ilibeba minyororo, ikabeba misahafu, ikabeba na Kiswahili. Leo Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda wanaelewana sokoni Dzaleka kwa lugha hii ninayoiandika. Lugha hii ni neema kubwa, na njia iliyotuletea inajulikana.

Kwa hiyo swali la Kilwa ni letu. Katika safu moja ya swala, hapa Lilongwe, anasimama mjukuu wa aliyeuza na mjukuu wa aliyenusurika kuuzwa, na mara nyingi wote wawili hawajui nani ni nani.

Dhambi hairithiwi

Tuanze na msingi ambao Qur'ani imeuweka wazi, kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Kijana wa leo wa Nkhotakota au wa Kilwa hana dhambi ya Jumbe wala ya sultani. Anayemnyooshea kidole amemdhulumu. Hilo halina mjadala.

Lakini sheria yetu inatambua jambo la pili, ambalo huwa tunalisahau tunapozungumzia historia. Mtu akifa, dhambi yake anakwenda nayo, lakini mali yake inabaki, na katika mali hiyo deni lake linabaki. Aya za mirathi katika Suratun Nisaa zinataja mafungu ya warithi, kisha zinarudia tena na tena kwamba hayo yote ni baada ya wasia na deni. Mrithi hana kosa kwa deni la baba yake, wala halazimiki kulilipa zaidi ya kile alichokiacha marehemu. Lakini akikimbilia kugawana nyumba na shamba huku wenye kudai wakisimama mlangoni, hapo amekula haki ya watu, na kosa hilo ni lake mwenyewe.

Hapa ndipo naiona hukumu ya swali letu. Sisi tunadai kuirithi Kilwa. Tunasema Msikiti Mkuu ni wetu, sarafu ni zetu, ziara ya Ibn Battuta ni fahari yetu. Vizuri, lakini hiyo ni mali ya marehemu mwenye deni. Hatuwezi kujigawia fahari kabla ya deni. Na kwa kuwa wenye kudai wamekwisha kufa, na mali waliyodhulumiwa haihesabiki, kiasi cha chini tunachoweza kuwalipa ni kukiri waziwazi, mahali pale pale, kwamba walikuwepo na kwamba walidhulumiwa.

Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liwe juu yake. Abu Qatada hakuwa mkopaji wala hakuwa na hatia. Aliona ndugu yake amekwama, akajitolea. Nafasi hiyo ya Abu Qatada iko wazi kwa kila anayeipenda Kilwa.

Hoja za wanaosita

Najua wapo watakaosita, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza atasema: Uislamu umetufundisha sitara. Anayemsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri. Kwa nini tufukue aibu za waliotangulia? Jibu ni kwamba sitara ni kwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Haki ya mja mwingine haifutwi kwa kufunikwa. Mwizi akitubu kwa Allah bila kumrudishia mwenye mali, wanazuoni hawaihesabu toba yake kuwa imetimia. Aliyenyang'anywa mtoto wake njiani baina ya Nkhotakota na Kilwa ana haki, na kumsitiri mnyang'anyi mbele yake ni kumdhulumu mara ya pili.

Wa pili atasema: maadui watatumia maneno haya. Tangu enzi za wamisionari, Waislamu wa nchi hii wameambiwa kwamba dini yao ni dini ya wauza watumwa. Ni kweli, na maneno hayo yamewaumiza wengi. Lakini ukimya haujamzuia yeyote kuyasema. Umetuacha tu bila jibu. Anayeisimulia habari yote anaweza kusema pia kwamba mkataba wa 1776 ulitiwa saini na Mfaransa Mkristo, kwamba Wareno waliwanunua watu katika pwani hii hii, kwamba pembe zilizobebwa vichwani zilikwenda kuwa vibonye vya piano katika nyumba za Ulaya na Marekani. Dhambi za wengine hazipunguzi za wetu hata chembe, lakini ni haki zijulikane. Na Qur'ani inatuamuru kuwa mashahidi wa uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Amri hiyo haikuwekewa sharti kwamba adui asisikie.

Wa tatu atasema: ndiyo yalikuwa mambo ya zama zile. Hoja hii ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi kwa Mwislamu. Uislamu uliukuta utumwa, ukafungua milango mingi ya kuwaacha huru watumwa, mpaka ukaweka fungu lao katika zaka, na ukafunga mlango wa kumteka mtu huru kwa ajili ya kumuuza. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wengi waliopita njia ya Nyasa walikuwa watu huru waliotekwa usiku, au waliouzwa wakati wa njaa. Hadithi hiyo ilikuwa ikisomwa zama zile zile, katika miji ile ile. Hatuhitaji kuwahukumu kwa mizani ya leo. Mizani yao wenyewe inatosha.

Deni hulipwa vipi?

Kwanza, palepale kisiwani. Urejeshaji wa mandhari uliokamilika ni ule ambao mgeni akitoka Msikiti Mkuu na kushuka ufukweni, anaambiwa juu ya msikiti na juu ya ufukwe. Anaambiwa nani aliswali huku na nani alipakiwa kule. Na wanakijiji wa leo wahesabiwe kuwa sehemu ya mandhari hayo, wa kwanza kunufaika na wageni na wa kwanza kuulizwa mikoko ipandwe wapi na mashua zipite wapi. Kuwahamisha walio hai ili magofu yapendeze ni kuongeza deni jipya juu ya la zamani.

Pili, hapa kwetu. Bandari ina ncha mbili, na fedha za ukarabati zimekwenda ncha moja. Nkhotakota, Mangochi na Salima wapo wazee wanaosimulia waliyoyasikia kwa babu zao. Sisi tuna simu zenye kinasa sauti na likizo ndefu. Jumuiya yetu inaweza kukusanya masimulizi hayo, ya ukoo wa waliouza na ya ukoo wa waliouzwa, kwa Chichewa, Chiyao na Kiswahili, kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Wenzetu wa Dzaleka wataielewa kazi hii haraka kuliko wengine, kwa sababu wanaijua hali ya kusimuliwa nusu. Kambi ile ilikuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Wapo wanaokuja kuandika juu ya dhiki tu, na wapo wanaokuja kuandika juu ya tamasha la Tumaini tu. Mkazi anazisoma habari zote mbili na hajioni ndani yake.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi. Mwaka 2022 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitangaza kwamba, kwa kushirikiana na Polisi ya Malawi, imegundua mtandao wa biashara ya binadamu ndani ya Dzaleka. Waliotolewa humo walikuwamo watoto, na wasichana waliokuwa wakitumikishwa. Hiyo ni katika miaka yetu, kwa mwendo wa minibasi kutoka hapa. Tukilia juu ya watumwa wa mwaka 1776 na kumnyamazia mtu anayemtafutia binti wa jirani "kazi nzuri" nchi nyingine bila mkataba wala anwani, basi tumejifunza historia ya kujipamba nayo. Mwanafunzi wa sheria, wa uuguzi, wa ualimu, kila mmoja ana mlango wake wa kulizuia jambo hili. Kuna anayeweza kusoma mkataba na kumweleza mzazi kilichoandikwa. Kuna anayeweza kumtambua msichana mwenye woga anayeletwa kliniki na mtu asiye nduguye. Na kila mmoja wetu anaweza kutoa taarifa.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Waliopanda mikoko Kilwa wamefanya sehemu yao, na tunawaombea malipo mema. Sehemu iliyobaki haipandwi kwenye matope ya pwani. Tunapendekeza ianze likizo ijayo, kwa kikundi kidogo cha kwenda Nkhotakota, na kwa kikao kimoja cha jumuiya juu ya usalama wa vijana wa Dzaleka. Mwenye nafasi ajiandikishe kwa viongozi wa jumuiya baada ya swala ya Ijumaa.

Allah awarehemu waliopita njia ile na majina yao hatuyajui, atuwezeshe kuwa warithi waaminifu, na atuepushe na kula mirathi kabla ya deni. Amin.

Wabillahi tawfiq.